Mshahara uingie akaunti gani ukiwa CRB?

Nyumba nyingi zina mtu aliyeorodheshwa CRB, ila haisemwi mbele ya wageni. Kwetu ni baba watoto. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa mkopo wake wa benki ukiwa bado na miaka miwili ya kulipwa, na mshahara uliposimama malipo nayo yakasimama.

Mwaka jana alipata kazi nyingine. Mwajiri akataka nambari ya akaunti kabla ya mwisho wa mwezi. Baba watoto alikuwa tayari kutoa ile ya zamani, kwa sababu aliona aibu kuingia benki mpya na kukataliwa mbele ya foleni. Nilimwambia hapana.

Januari ya mwaka huo shemeji alikuwa ametutumia Sh18,000 katika akaunti hiyo, za karo. Asubuhi hazikuwepo. Nilikwenda benki nikiwa nimekasirika, nikaonyeshwa kifungu katika mkataba wa mkopo: benki inayokudai inaweza kuchukua pesa zako zilizo kwake ili kujilipa. Basi, mkataba ulisema hivyo. Lakini mtoto alikaa nyumbani siku tisa wenzake wakisoma.

Kumbe kuwa CRB hakukuzuii kufungua akaunti ya kawaida ya akiba. Benki hutaka ripoti yako inapofikiria kukukopesha. Hapa wewe ndiwe unayeipelekea pesa. Baba watoto alibeba kitambulisho, PIN ya KRA na picha. Binti wa kaunta alimuuliza tu kama angependa kadi.

Swali kubwa kwetu lilikuwa benki gani haitudai, na hapo wengi huteleza. Watu hudhani deni la M-Shwari ni la Safaricom. Ni la NCBA. Mkopo wa KCB M-Pesa nao ni wa KCB. Kwa hiyo kabla ya kuchagua benki, andika kwenye karatasi mikopo yote ya simu na benki iliyo nyuma ya kila mmoja. Na kama una deni la Fuliza, usipitishe karo kwenye laini hiyo: pesa ikiingia, deni hukatwa kwanza.

Tuliuliza pia ada ya kila mwezi, gharama ya kutoa pesa, na kama akaunti inakuja na mkopo wa ghafla salio likiisha. Huo tuliukataa. Mama mkwe alishauri tufungue akaunti ya pamoja, eti ndiyo ndoa. Nilimjibu kwa heshima kwamba pesa za duka langu la nguo zitabaki kwa jina langu hadi deni liishe. Hakufurahi. Chai tulikunywa lakini.

Mtu asidhani tulikuwa tunakimbia. Baba watoto aliiandikia benki ya zamani, wakakubaliana Sh3,000 kwa mwezi, na sasa zinatumwa siku moja baada ya mshahara kuingia. Tofauti ni kwamba kiasi tunakijua, na unga na nauli ya watoto vinabaki. Hata akimaliza, rekodi hiyo itakaa miaka mitano mingine, ila itaonyesha kwamba amelipa.

Sheria inakupa ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika la CRB, na hapa Kenya yako matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Iitishe hata kama unajua utakachokikuta. Katika ya baba watoto tulipata mkopo mdogo wa simu, uliomalizwa kitambo, bado unaonyeshwa kuwa haujalipwa. Ujumbe wa malipo alikuwa ameuhifadhi. Tumeuwasilisha pamoja na malalamiko yetu, na tunangoja jibu.