Mizani ya Mwalimu wa Waberi

Waberi, kwa Kisomali, ni mapambazuko. Ni jina la mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Township, na dada yake mmoja huitwa Iftin, neno lenye maana ya nuru. Majina mawili kama haya yangefaa kupamba jalada la mtaala wowote wa elimu. Hata hivyo, swali la nani anayefaa kusimama mbele ya watoto wa Waberi na kuwafundisha Kiswahili bado limo gizani, na giza lenyewe halikuletwa na uchache wa sheria. Sheria zipo tele.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 237, inaipa Tume ya Huduma za Walimu jukumu la kupitia viwango vya elimu na mafunzo ya watu wanaoingia katika utumishi wa ualimu. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala hutunga kinachofundishwa vyuoni, nalo Baraza la Mitihani hukitahini. Mikono mitatu hiyo ndiyo iliyouzika ule mtihani maarufu wa cheti cha P1, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mlango wa kuingilia shule ya msingi, na badala yake mwaka 2021 ikaanza stashahada ya ualimu wa shule za msingi. Walimu walipaswa kulingana na mtaala wa umilisi uliokuwa umeingia madarasani tangu Januari 2019. Pamoja na stashahada likaja sharti zito: mtahiniwa awe na wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na juu ya hilo awe na C katika Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, somo moja la sayansi na moja la jamii. Wachache mno walilitimiza, na madawati ya vyuo yakakaa wazi. Mwaka 2023 Jopokazi la Rais la Mageuzi ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Profesa Raphael Munavu, likapendekeza masharti ya masomo mahususi yaondolewe, nayo yakaondolewa. Wastani wa C ukabaki peke yake mlangoni.

Maana ya badiliko hilo kwa Kiswahili haijazungumzwa inavyostahiki. Kijana anaweza sasa kuingia chuo cha ualimu akiwa na alama hafifu katika Kiswahili, maadamu masomo mengine yamembeba, na atakapohitimu atakabidhiwa darasa litakalomtaka afundishe Kiswahili pamoja na mengineyo. Wako wanaoona hapa mwisho wa lugha. Hofu yao ina msingi, ila wanaikodolea macho hatua isiyo yake. Alama ya kuingilia haikuwahi kumfundisha mtu chochote. Ilikuwa ni kuchuja tu. Mlango wa kuingilia ukilegezwa, mzigo wote wa kuthibitisha kwamba mtu analijua somo lake unahamia kwenye mlango wa kutokea, yaani kwenye tathmini za chuo na mtihani wa mwisho. Hapo ndipo pa kuuliza: mtihani huo unamtaka mwalimu ajue nini hasa?

Jambo hili si geni katika historia ya somo. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ndiyo iliyofungua njia ya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa darasa la nane ukafanywa mwaka 1985. Maelfu ya walimu waliokuwa na vyeti halali walijikuta wakifundisha somo ambalo wao wenyewe hawakuwahi kulitahiniwa kwa kina. Vyeti vyao vilikuwa vilevile. Somo ndilo lililokuwa limewapita.

Garissa ina hesabu yake ya peke yake. Majengo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Garissa yalikuwa chuo cha kuwaandaa walimu wa shule za msingi hadi mwaka 2011, yalipogeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa humo, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Miezi michache kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda makwao likizoni. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, ndani ya Kaunti ya Garissa yenyewe, na Tume ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za kaskazini mashariki. Mtu asiwalaumu walioondoka. Lakini msomaji na amfikirie mwanafunzi aliyekuwa kidato cha pili mwanzoni mwa mwaka huo. Alimpoteza mwalimu wake, likafuata janga la korona lililofunga shule, na mwisho wa mwaka 2022 akaufanya mtihani uleule aliofanya mwenziwe wa Nyeri au Mombasa. Akipata C ya kutoa, au D ya kujumlisha, alama hiyo imepima nini? Imempima yeye, au imepima kiti kitupu cha mwalimu? Na kwa kuwa hakufikia C, hawezi kuingia chuoni akarudi kukijaza kiti hichohicho.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Amina Mohamed, iliamua kushusha alama za kuingilia vyuo vya ualimu kwa vijana wa kaunti za wafugaji, nayo Tume ikapinga, ikihofia kushuka kwa hadhi ya ualimu. Kila upande ulikuwa na neno. Kasoro ya mjadala ule ni kwamba pande zote mbili ziliizungumzia alama ya mtihani kana kwamba ndiyo maarifa ya somo, tofauti ikiwa tu ni kuipandisha au kuishusha. Hakuna aliyeuliza kama kijana wa Waberi anajua kitu kuhusu Kiswahili cha watoto wa Waberi ambacho mwenye A kutoka kwingineko hakijui.

Naye anakijua. Kisomali hakina sauti za p, v na z. Mtoto anayeanza Kiswahili akitokea lugha hiyo atamwita papa baba, na akitaka kusema amepata, bata atajitokeza bila kualikwa. Aambiwapo avue shati, anaweza kusikia kwamba anatakiwa alifue. Zana kwake ni sana. Zainabu mwenyewe nyumbani ni Saynab. Mwalimu asiyejua chanzo chake hukisahihisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu, mara kumi, mara ishirini, na mwishowe huandika kwamba mtoto ni mzembe. Mwalimu anayekijua Kisomali hutambua kwamba sikio la mtoto halijafunzwa kuitenga sauti moja na nyenziye, basi huanza na sikio kabla ya kugusa kalamu.

Si upungufu mtupu, wala. Mtoto huyohuyo amepitia duksi, na ulimi wake umezoezwa herufi za Kiarabu tangu hajaijua a ya Kilatini. Atatamka ghali, ghadhabu na thelathini kwa ufasaha unaowatoa jasho wanafunzi wengi wa bara. Ila hapo tena pana mtego: katika maandishi ya Kisomali ya hati ya Kilatini, yaliyorasmishwa Somalia mwaka 1972, dh ni sauti nyingine kabisa, hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma, c ni ain, x ni ha nzito ya kooni. Mtoto aliyeona nyumbani jina la Caasha au Xasan limeandikwa hivyo ana sababu nzuri ya kutatizika mbele ya ukurasa wa Kiswahili, na sababu hiyo haimo katika orodha ya makosa ya kawaida ya wanafunzi.

Msamiati nao ni hazina iliyolala. Macallin ni mwalimu, cilmi ni elimu, caqli ni akili, saabuun ni sabuni, waqti ni wakati. Kitaab ni kitabu, na neno hili moja linatosha kwa kipindi kizima cha sarufi. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, kikaisikia ki- ya mwanzoni, kikalitia katika ngeli ya KI-VI na kulizalia wingi wa vitabu. Mtoto wa Waberi anaijua kitaab tangu utotoni. Akionyeshwa jinsi Kiswahili kilivyolifanya neno hilo kuwa lake, ameshaona ngeli inavyofanya kazi kabla hajakariri jedwali. Na anahitaji msaada huo, kwa kuwa majina ya Kisomali hugawanyika kwa jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na alama ya jinsi hubandikwa mwishoni mwa jina: -ka au -ta na vibadala vyake. Msomali huusikiliza mkia wa jina. Kiswahili humtaka asikilize kichwa. Tena katika Kisomali majina mengi hubadili jinsi yanapoingia katika wingi, tabia ambayo mwanaisimu wa Kiswahili angeitambua mara moja kama jamaa wa mbali wa mtu kutoka A- kwenda WA-.

Maarifa ya aina hii ni maarifa ya somo. Hayafai kusukumwa kwenye rafu ya mbinu za kufundishia, wala kuachiwa bahati ya mwalimu kuzaliwa mahali fulani. Mwalimu kutoka Kitui anaweza kujifunza ulinganishi wa sauti za Kisomali na za Kiswahili kwa muda mfupi, ikiwa kuna atakayemfundisha na kumtahini. Kinyume chake, mzaliwa wa Waberi hapati ruhusa ya kutojua viambishi kwa kuwa tu anaijua lugha ya watoto. Karatasi ya mtihani inapaswa kuwauliza wote wawili.

Iko pia kadhia ya vyeti vya zamani. Mwalimu aliyehitimu kwa vitabu vilivyoziita ngeli M-WA, M-MI na JI-MA, kwa kufuata maumbo ya majina, leo anafundisha kwa vitabu vinavyoziita A-WA, U-I na LI-YA, kwa kufuata upatanisho wa kisarufi. Kiboko, kwa mtazamo wa kwanza, ana umbo la KI-VI. Kwa wa pili yumo A-WA bila ubishi. Kubadili majina bila kuelezwa kwa nini yamebadilika ni kukariri upya tu. Mpango wa Tume wa ukuzaji taaluma ya walimu, uliozinduliwa Septemba 2021, ungefaa kwa kazi hiyohiyo, lakini ulipokewa kwa manung'uniko, hasa kwa kuwa walimu walitakiwa kuulipia kutoka mifukoni mwao, na mabishano ya ada yakayafunika yale ya maarifa.

Mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Darasa la kumi la kwanza la mfumo mpya lilianza Januari 2026 na litahitimu mwaka 2028, likiwa na tathmini yake na namna yake ya kueleza ufaulu. Kwa hiyo ile C iliyogombaniwa kwa miaka yote hii itakoma kutolewa, na masharti ya kuingia ualimu yatalazimika kuandikwa upya, mstari kwa mstari. Wanafunzi wa Waberi walioingia darasa hilo la kumi wameshaanza kuhesabu miaka.