Matanga ya Mafunjo

Kinamasi kikikaushwa, hakuna anayekaa matanga. Machoni pa wengi kilikuwa makao ya mbu tu, na kuondoka kwake kukaitwa maendeleo. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu ya kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, pale mto Yala unapolikaribia Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1960 ilianza kazi iliyotwaa hekta zipatazo 2,300: mifereji ikachimbwa, tuta likainuliwa, mto ukageuzwa njia.

Siwalaumu waliotaka shamba. Aliyelala njaa hasomewi sifa za matete.

Ninachokililia ni kazi iliyokuwa ikifanyika pale bila ujira. Maji ya mto, mazito kwa udongo wa nyanda za juu, yalipoingia kwenye mafunjo yalipoteza mwendo. Tope likatua. Mizizi ikanyonya naitrojeni na fosforasi, na maji yakafika ziwani yameshatua mzigo wake. Mfereji ulionyooka hauna subira hiyo. Hupitisha unachopokea, mbolea na dawa za kuulia wadudu pamoja. Huko ziwani mwani hunawiri, ukifa huoza, na ukioza humaliza oksijeni ya samaki.

Ngege wa asili alikuwa tegemeo la wavuvi wa Ziwa Victoria, na leo humo ametoweka karibu kabisa. Sangara aliyepandikizwa tangu miaka ya 1950 ana lawama yake, nyavu zetu zina yake, na maji yaliyochafuka pia. Lakini katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo ndani ya Yala, ngege yupo bado. Mafunjo yalimficha. Nalirudia hili moyoni mara nyingi: kitoweo cha watu wa ziwa zima kilihifadhiwa na mahali palipodharauliwa.

Tena hasara ya kukausha kinamasi haifidiwi kwa kufukia mfereji. Udongo mweusi wa kinamasi hujengwa karne kwa karne na mimea inayolala chini ya maji. Ukikutana na hewa huoza upesi, na ardhi yenyewe hudidimia.

Sehemu kubwa ya Yala bado ina mafunjo, na mipango ya kupanua mashamba haijakoma kutajwa. Katika hesabu za mipango hiyo mavuno huandikwa. Nataka kuona pia mstari wa maji yaliyosafishwa, wa ngege wa Kanyaboli, wa swala aitwaye nzohe anayejificha mle, na wa wafumaji wanaokata mafunjo ya mikeka.