Mashua ya Faiba Uani Kwetu

Mashua ya mbao haifichi ugonjwa wake. Ubao ukianza kuoza, mwenyewe huuona. Kalafati ikikauka na kutoka katika maungio, mtoto anayechota maji ngamani hujua kuwa kazi yake imeongezeka. Mashua ya faiba haina unyofu huo. Hung'aa mwaka baada ya mwaka, na mtu anayeitazama husema kuwa haina kasoro ila vumbi. Naandika habari hizi kwa sababu mashua moja ya namna hiyo ilikaa uani kwangu, Kilifi, kwa muda wa miezi kumi na minne, nami sikuwa fundi wa kazi yoyote. Kazi yangu ni kufundisha hesabu.

Shemeji yangu ni mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi. Mwezi wa Agosti 2021, wakati wa kusi, chombo chake cha mbao kilivunjikia mwambani, na tangu siku hiyo akawa baharia katika vyombo vya watu wengine, akipata fungu dogo la samaki ambao zamani walikuwa wake wote. Mwezi wa Novemba tukapata habari kuwa hoteli moja ya pwani ilikuwa na mashua kuukuu ya faiba, ya urefu wa futi 17, ambayo zamani iliwachukua wageni kwenda kutazama matumbawe. Ilikuwa imelala chini ya mwarobaini kwa muda wa miaka sita, imejaa majani na maji ya mvua. Tuliinunua kwa shilingi 45,000, tukaifunga juu ya mikokoteni miwili, na nusu ya watoto wa mtaa wakatusaidia kuisukuma.

Shauri la shemeji lilikuwa jepesi. Tuioshe, tuipake rangi, tufunge injini ya nguvu za farasi 40, naye atoke baharini kabla kaskazi haijakwisha. Asidhani msomaji kuwa lilikuwa shauri la mtu mpumbavu. Kaskazi ndiyo majira ya bahari tulivu na ya samaki wakubwa, na kila juma lililopita lilikuwa na bei yake: karo, unga, na deni dukani. Mimi niliomba siku chache tu za kuichungua mashua kabla ya kuipaka rangi.

Yafaa kwanza nieleze faiba ni kitu gani. Ni kioo. Kioo kikiyeyushwa na kuvutwa kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, hupinda bila ya kuvunjika, na huwa na nguvu kubwa ya kustahimili mvuto. Nyuzi hizo hulowekwa katika rezini, nayo ni maji mazito ambayo yakitiwa dawa ya kugandisha huwa magumu kama jiwe. Rezini peke yake hupasuka upesi. Nyuzi peke yake hazina umbo. Aliyepata kuona nyumba ya udongo ikijengwa anaifahamu siri hii tayari, maana fito huzuia ukuta usipasuke, na udongo huzipa fito umbo la ukuta. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi katika jimbo la Ohio, Marekani, katika miaka ya 1930, na mwaka 1942 Ray Greene wa mji wa Toledo, katika jimbo hilo hilo, akatengeneza mashua ambayo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za faiba.

Walakini mashua nyingi ziitwazo za faiba si faiba tupu. Ndani ya ubao wa tezi, pale injini inapofungwa, na chini ya sakafu, watengenezaji wengi hutia mbao au plaiwudi, kisha huzifunika kwa faiba pande zote. Mradi kifuniko ni kizima, mbao hukaa salama. Lakini kila atobolaye tundu la skrubu bila ya kuliziba barabara hufungua mlango. Maji huingia polepole, wala hayatoki, na ubao uliofungiwa kama achari katika chupa huoza gizani, nje kukiwa kweupe na laini.

Fundi mmoja mzee, ambaye maisha yake yote alijenga mashua za mbao, alipita uani kwangu kwa hamu ya kuiona hiyo mashua isiyo na misumari. Aliizunguka kimya. Kisha akashika patasi yake kwa upande wa chuma, akaanza kugonga kwa mpini, akitoka omo kwenda tezi, shubiri kwa shubiri. Tumbo la mashua lilijibu kwa sauti kavu na kali. Alipofika tezi, sauti ilikufa.

"Mwanangu," akasema, "hapa panajibu kama nazi mbovu."

Nilichora kwa chaki mahali pote palipokuwa na sauti hiyo. Karibu ubao mzima wa tezi ukawa mweupe kwa chaki. Nikatoboa kwa upande wa ndani vitundu vinne, kila kimoja cha milimita sita, na keekee ikatoa, badala ya unga mkavu wa mbao, uji mweusi wenye harufu ya kinamasi.

Shemeji aliushika uji ule kwa vidole, akauangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake jepesi. "Shemeji, ni mashua ngapi katika pwani hii zina ubao kama huu, nazo zinakwenda na kurudi?"

Alisema kweli. Huenda ni nyingi. Nilimjibu kwa hesabu, maana ndiyo lugha yangu. Injini ile ina uzito unaopita kilo 70, nayo yote huning'inia katika ubao huo. Tena inapokwenda, huisukuma mashua nzima na watu wake kwa kuusukuma ubao huo huo. Na kila wimbi likiipandisha mashua na kuiangusha, uzito ule hurushwa na kukamatwa tena. Ubao ukikatika nje ya mwamba, injini huzama nao, na bahari huingia kwa tezi. Ndani ya mashua wangekuwamo watu watatu: yeye, baharia mwenziwe, na mwanawe wa miaka kumi na sita, ambaye hufuatana naye siku za likizo. Akanijibu kuwa njaa nayo ina hesabu yake. Tukaachana kwa ubaridi.

Mke wangu, ambaye ni dada yake, hakuingia katika mabishano yetu. Jioni ile alimwandalia kaka yake chakula, akangoja hata alipokwisha kunawa mikono, akamwuliza: "Kaka, utamtia mtoto humo usiku?" Shemeji hakujibu. Alikwenda zake, na kwa siku tatu hatukumwona. Siku ya nne alikuja alfajiri, amevaa nguo kuukuu, ana patasi na nyundo mkononi.

Tulikata ngozi ya ndani ya tezi kwa mashine ya kusagia, tukautoa ubao uliooza vipande vipande. Ulijaza magunia mawili, na kipande ukikikamua kilitoa maji. Kazi hii ya kukata na kusaga ndiyo mbaya kupita zote, na kijana atakayeijaribu namwomba asiidharau. Vumbi la faiba ni vumbi la kioo. Huingia katika ngozi na kuwasha usiku kucha, na likiingia kifuani hudhuru. Tulivaa mashati ya mikono mirefu yaliyofungwa kwa kamba vifundoni, miwani ya kufunika macho, na barakoa za kuzuia vumbi. Tukainua turubai kama hema, maana jirani yetu alikuwa na kuku na nguo za kuanika, naye si mtu wa kunyamaza. Hapana taka yetu tuliyoichoma moto, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Vipande vya faiba viko katika gunia mpaka leo, wala havitaoza.

Chini ya mashua, mahali panapokaa majini, tulikuta vipele kama vya joto katika mgongo wa mtoto. Nilikitoboa kimoja, na maji yaliyotoka yalinuka siki. Ngozi ya nje ya faiba, ingawa yaonekana kama kigae, hupitisha maji kidogo kidogo kwa miaka. Maji hayo hukutana na dawa ambazo hazikuganda vema, yakafanya tindikali iinuayo ngozi. Dawa yake ni kufungua kila kipele, kuosha mara nyingi kwa maji matamu, na kungoja kukauke. Kungoja ndiko kulikotushinda kwa subira. Mvua za masika zilipoingia mwaka 2022, kaskazi ya shemeji ilikuwa imekwisha bila ya yeye kutoka na chombo chake, na mashua ilikuwa tupu kama ganda la nazi chini ya turubai. Hatukupaka hata brashi moja ya rezini mpaka mwezi wa Septemba, kwa sababu rezini na unyevu havipatani.

Hapo hesabu ikaanza kunifaa. Mita moja ya mraba ya mkeka wa faiba wenye uzito wa gramu 450 hunywa rezini karibu kilo moja. Kilo hiyo huhitaji dawa ya kugandisha gramu 10 mpaka 20, yaani sehemu moja au mbili katika mia, na joto likizidi dawa hupunguzwa. Adhuhuri ya Kilifi rezini huganda kabla hujaitandaza, basi tulifanya kazi tangu saa kumi na mbili hata saa tatu asubuhi. Kabla ya yote tulijaribu katika mikebe midogo, saa mkononi, tukaandika kila kipimo katika daftari. Dawa hiyo ikiruka jichoni yaweza kupofusha. Tena rezini inapoganda hutoa joto lake yenyewe: iliyobaki nyingi katika kopo huchemka, hutoka moshi, hata huweza kushika moto, na kwa hiyo mabaki hutandazwa membamba juu ya bati.

Ubao mpya wa plaiwudi ya majini tuliugandisha kwa epoksi, kwa kuwa rezini ya kawaida haishiki mbao vizuri. Epoksi ina kipimo chake kilichoamriwa na mtengenezaji. Huwezi kuiharakisha kwa kuiongezea dawa, bali utaiharibu tu. Penye nyufa tulisaga kingo zikawa mteremko mrefu, upana mara kumi na mbili ya unene. Tumbo la mashua yetu lilikuwa na unene wa milimita 5, kwa hiyo kila ufa ulizungukwa na mteremko wa milimita 60. Shemeji aliona kuwa ni kuharibu pazima kwa ajili ya padogo. Nikamshika vidole kwa vidole, nikamwambia avute, tukaachana upesi. Kisha nikamshika kiwiko kwa kiwiko, akavuta asinitoe. Tangu hapo hakuuliza tena habari za mteremko.

Nami nilikuta kuwa hesabu ina mpaka. Mkeka uliolowa sharti ubingirishwe kwa rola mpaka kila povu la hewa litoke, bila ya kukamua rezini yote. Mkono wangu haukuweza kulihisi jambo hilo. Wa shemeji, uliozoea kuzipitia nyavu tundu kwa tundu, uliliweza tangu siku ya kwanza. Nikawa mimi ni mpima dawa na mchota maji, na yeye ndiye fundi.

Mwezi wa Januari 2023 tulining'iniza magunia ya mchanga yenye uzito wa kilo 150 katika tezi kwa siku saba, na uzi umekazwa kuonyesha kama ubao unapinda. Haukupinda. Mzee wetu akaja, akagonga kwa mpini wa patasi, omo mpaka tezi, akasema neno moja: "Inajibu." Gharama zilikuwa zimepita bei ya mashua mara mbili, na injini tuliyoimudu ni ya nguvu za farasi 25. Tukaishusha majini siku ya bamvu.

Shemeji hakupata kuniambia kuwa nilikuwa na haki, wala sikumwuliza. Kaskazi aliyoipoteza haikurudi, na deni la dukani lilimchukua mwaka mzima kulimaliza. Lakini alinunua patasi ndogo, akaitia katika sanduku la vyombo vyake, na pale ufukoni watu wawili wamemwomba awagongee mashua zao. Ya kwanza ilijibu vizuri. Mwenye ile ya pili aliisikia sauti ya nazi mbovu kwa masikio yake mwenyewe. Akashukuru, akapanda pamoja na mabaharia wake wawili, akawasha injini, akaelekea nje ya mwamba.