Tumbaku, na Mtoto Tunayemtuma Dukani



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), nataka leo nizungumze nawe juu ya tumbaku. Najua utasema kwamba jambo hili limekwisha kuzungumzwa sana. Ni kweli. Lakini sikuja kukukariria maneno uliyokwisha kuyasikia mimbarini. Nimekuja kukueleza deni nililo nalo mimi, ili nawe ujitazame kama huna deni mfano wake.

Mwezi wa Mei mwaka 2024, Gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, watu wengi wa mji wetu walifurahi. Hazikupita siku nyingi, Mahakama Kuu ikaisimamisha amri ile. Basi jioni moja baada ya swala ya isha tulikuwa tumeketi barazani, na mazungumzo yakageuka kutoka muguka yakaingia kwenye sigara. Mmoja akasema: "Ikiwa muguka ni wa kupigwa marufuku, mbona sigara yauzwa hadharani, hatua chache kutoka mlango wa msikiti?" Mwenye duka la pale mtaani akajibu: "Nikiondoa sigara dukani mwangu, yule anayekuja kununua sigara atakwenda kwa jirani, na sukari atainunua huko huko. Watoto wangu watakula nini?" Wa tatu, aliyesoma kidogo vitabu, akasema kwamba wanachuoni wa zamani walihitalifiana, na wengi walisema ni makuruhu tu, basi kwa nini serikali imlazimishe mtu? Kifua ni chake na pesa ni zake. Kisha wote wakanigeukia: "Shekhe, sema wewe."

Nikanyamaza. Na sababu ya kunyamaza kwangu nitakueleza, lakini kwanza tuyapime maneno ya wale watatu, kwani kila mmoja wao alikuwa na hoja.

Ama yule aliyetaja hitilafu ya wanachuoni, hakusema uongo. Tumbaku ilitoka Marekani, nayo ilifika katika nchi za Waislamu yapata miaka 1,000 baada ya Hijra. Hakuna aya wala hadithi inayoitaja kwa jina. Hapo Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliandika kuikataza, na Sheikh Ali al-Ajhuri akaandika kuihalalisha. Wote wawili walikuwa wa madhehebu ya Imam Malik, na wa zama moja. Huko Sham, Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi naye aliandika kitabu kizima cha kuitetea. Hawa hawakuwa watu wa mchezo. Waliona jani lisilolevya, na dhara yake hawakuiona, kwa kuwa dhara ya tumbaku haina haraka: humngojea mtu miaka 20 na 30, hata akasahau ni kitu gani kilichomwita.

Lakini tazama hoja yao ilisimama juu ya nini. Walisema haiondoi akili, na kwamba haimdhuru kila mtu. Na ambaye inamdhuru, kwake yeye ni haramu. Basi anayetaka kuishika ruhusa yao leo, aishike pamoja na sharti lake. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa uchunguzi wao uliounganisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 mganga mkuu wa Marekani akatoa ripoti iliyosema hivyo hivyo. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku. Hiyo dhara ambayo Sheikh al-Ajhuri aliiona kuwa ni ya mtu mmoja mmoja, sisi tumeonyeshwa kwa hesabu. Na Mola wetu ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu.

Na yule anayesema kifua ni chake, ningependa ajue habari ya daktari wa Kijapani, Takeshi Hirayama. Mwaka 1981 alitoa uchunguzi juu ya wanawake ambao hawakuvuta sigara maishani mwao, ila waliolewa na wavutaji. Akakuta saratani ya mapafu imewazidi kuliko wake wa waume wasiovuta. Basi kifua hakikuwa kimoja. Mume alivuta, na mke akavutishwa bila ya kuulizwa. Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula kitunguu thumu asiukaribie msikiti, kwa ajili ya harufu tu inayowaudhi wenzake. Je, moshi unaoua?

Ama mwenye duka, yeye hoja yake ni ya tumbo, na tumbo halijibiwi kwa hotuba. Wakulima wa tumbaku wa Migori kule kwetu Kenya, na wa Urambo na Tabora kwa ndugu zetu wa Tanzania, nao wanasema vivyo hivyo. Mtu anayewaambia waache lazima awaonyeshe la kushika. Huko Migori mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamewasaidia wakulima kutoka kwenye tumbaku wakalima maharagwe. Hiyo ndiyo njia: dhara huondolewa, wala haiondolewi kwa dhara nyingine.

Sasa, ndugu msomaji, je, tupige marufuku kabisa? Historia ina mafunzo mawili.

Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliikataza tumbaku katika dola yote ya Kituruki, na adhabu yake ilikuwa kuuawa. Watu wengi waliuawa. Lakini mwanachuoni Katib Chelebi, aliyeishi katika zama hizo na akaandika juu yake mwaka 1656, anatueleza kwamba kadiri ukali ulivyozidi ndivyo na hamu ya watu ilivyozidi, na wengine walivuta kwa siri hata katika kambi za jeshi. Sultani alipokufa, haikupita miaka mingi mufti mkuu wa Istanbul, Bahai Efendi, akatoa fatwa ya kuiruhusu. Na huyo Bahai Efendi mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa.

La pili ni la Iran. Mwaka 1890 Shah aliipa kampuni ya Kiingereza haki ya peke yake juu ya tumbaku yote ya nchi ile, kwa miaka 50. Desemba 1891 ikatangazwa fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, aliyekuwa akikaa Samarra, kwamba kutumia tumbaku katika hali hiyo ni kumpiga vita Imam wa zama. Hapakuwa na askari wala upanga. Watu wakaviweka viko vyao chini, maduka yakafungwa, na hata katika nyumba ya Shah mwenyewe wake zake na watumishi wake walikataa kuvuta. Januari 1892 mkataba ule ukafutwa. Ni kweli kwamba fatwa ile ilikuwa kwa ajili ya kuokoa mali ya nchi, si kwa ajili ya mapafu, na mambo yalipokwisha watu walirudia kuvuta. Hata hivyo inatufunza kwamba mtu aliyezoea miaka 30 anaweza kuacha kwa siku moja, akimwamini anayemwambia acha.

Nimekutajia Bahai Efendi kwa makusudi. Sasa nikueleze kwa nini nilinyamaza pale barazani.

Mimi nilianza kuvuta nikiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu wa chuo, nilikuwa nikivuta mbele ya wanafunzi, na juzuu iko magotini mwangu. Wakati huo hatukuona kuwa ni jambo. Mwanafunzi mmoja alikuwa na umri wa miaka 9, mwepesi wa kuhifadhi, na kwa wepesi wake huo ndiye niliyekuwa nikimtuma. Nilimwambia: "Nenda mbio kaniletee sigara mbili, moja uje nayo imewaka." Mlangoni mwa duka palikuwa na kamba ya usumba inayoning'inia, ncha yake ikiwaka polepole, ya kuwashia. Mtoto anaiwasha sigara pale, na ili isizimike njiani kwa upepo wa pwani, anaivuta kidogo kidogo mpaka anifikie. Mimi nilijua. Mtu hawezi kuileta sigara ikiwaka mwendo ule bila ya kuivuta.

Siku moja nilitoka nje nikamkuta kwenye pembe ya uchochoro, moshi unamtoka puani. Nikamchapa bakora tatu kwa kosa la kuvuta. Kisha nikaichukua ile sigara mkononi mwake, nikaimaliza.

Ndugu msomaji, nimeandika habari hii mara nyingi na kuichana. Leo nimeiacha.

Katika Ramadhani ya mwaka 1419, yaani Desemba 1998, nilijiona nikifungua kwa tende moja na sigara kabla ya swala ya magharibi, nikaona haya. Nikajiambia: kama nafsi yako imeweza kungoja toka alfajiri mpaka jua kutua, basi iliyokuwa ikikudanganya ni hiyo hiyo nafsi. Niliacha, kwa taabu, na baada ya kurudi nyuma mara mbili. Watu wakanipongeza. Nikadhani nimemaliza. Sikumtafuta hata mmoja katika wale niliowatuma nimwambie neno.

Mwaka 2023 nilikwenda kumzuru mgonjwa, naye ni yule yule mwanafunzi wangu. Sasa ni mtu mzima karibu ya miaka 50, ana watoto. Madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yamechakaa na hayatarudi kama zamani. Akaniambia akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi: "Maalim, Qur'ani nilijifunza kwako, na sigara nilijifunza kwako. Hiyo ya kwanza nimesahau baadhi yake. Hii ya pili sikusahau hata siku moja." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Na usiku ule wa baraza, watu waliponigeukia wakaniambia niseme, naye alikuwa ameketi pale ukingoni. Ndiyo sababu nilinyamaza. Kisha nikasema. Niliwaeleza yote niliyokueleza wewe, mbele yake na mbele ya watoto wake, nikamwomba radhi. Aliinamisha kichwa muda mrefu. Halafu akasema: "Maalim, mimi nimekusamehe zamani. Lakini ya leo asubuhi niliyovuta, mwanangu mdogo ndiye aliyeniletea."

Hapo mwenye duka akainua uso. Ni yeye aliyemuuzia.

Sheria ya tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Imekataza pia kuuza pakiti yenye sigara pungufu ya 10, maana yake ni kwamba kuuza moja moja hakuruhusiwi. Mwaka 2024 Seneti ilipelekewa mswada wa kuitengeneza zaidi, ili iguse sigara za umeme na vile vifuko vya nikotini ambavyo watoto wa shule huficha chini ya mdomo. Mimi naunga mkono. Lakini mwenye duka alituuliza swali ambalo hapakuwa na wa kulijibu: "Mtoto akija akisema ametumwa na baba yake, au na Shekhe, mimi nimkatalie vipi?" Kumbe sheria ilikuwako, na waliokuwa wakiivunja ni sisi wazee, kwa mikono ya watoto. Askari hawezi kusimama katika kila uchochoro. Na sigara moja, kwa bei ya sarafu ya mtoto, ndiyo mlango wenyewe.

Basi usiku ule tulikubaliana mambo mawili, nayo ndiyo ninayokuomba nawe. La kwanza: asitumwe mtoto kununua sigara, wala tumbaku ya kutafunia tambuu, wala kibiriti chake. Anayetaka, ainuke aende mwenyewe. La pili: mwenye duka asimuuzie mtoto hata akitumwa na nani, na sisi tuendelee kununua sukari na unga kwake ili asione hasara ya wema wake. Sitakudanganya kwamba mtaa wote umeacha. Wapo waliorudi kule kule baada ya wiki mbili, na mimi mwenyewe ilinibidi nimrudishe nyumbani mtoto mmoja niliyemkuta njiani. Lakini duka lile mpaka leo halimuuzii mtoto.

Ewe mzazi, na ewe mwalimu mwenzangu: hao wanaojadiliana Nairobi na Dodoma juu ya kupiga marufuku au kuongeza kodi, tuwaombee waongoke kwenye lililo bora, na tuwape rai zetu. Ama marufuku ya kwanza haingoji Bunge. Iko mkononi mwako unaponyoosha sarafu na kumwita mtoto. Na ikiwa uliwahi kumtuma mmoja, naye bado yu hai, mwendee. Mimi nilichelewa miaka 25 baada ya kuacha, na nilipofika nilimkuta amekwisha kuwa mgonjwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, amponye mwanafunzi wangu, na awahifadhi watoto wetu na mikono yetu wenyewe. Amin.

Wassalaamu alaykum.