Joto la Kiangazi na Samaki wa Korogwe na Handeni

Siku ukipita Korogwe usiishie stendi ya mabasi penye machungwa na makelele. Shuka mpaka darajani ukautazame Mto Pangani. Maji yake yametoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapita Nyumba ya Mungu, na hapa yanakwenda polepole, mekundu kwa udongo, yakielekea bahari. Nenda mwezi wa Januari au Februari, saa nane mchana, utaelewa kwa nini nimeona vema kukuandikia habari za joto.

Watu wengi huijua Korogwe kwa mkonge na reli. Wachache wanajua kwamba ufugaji wa samaki katika nchi yetu ulianzia hapa. Mwaka 1949 wataalamu walianza kufanya majaribio ya kufuga perege mahali pawili: Korogwe, na Malya kule Usukumani. Tena mwaka 1955 Bibi Rosemary Lowe, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, aliandika habari za aina moja ya perege wa pande hizi, akampa jina la Korogwe, na wataalamu wa dunia nzima humwita hivyo mpaka leo. Si mji kila mmoja uliopata samaki wa jina lake!

Habari za majaribio zilienea, watu wakachimba. Ilipofika mwaka 1968 mabwawa ya samaki katika Tanzania yalihesabiwa kuwa kama 8,000. Lakini mengi yalikuwa madogo mno, mengine ya meta 20 za mraba tu, yaani hatua nne kwa tano. Mengi yalikufa kwa ukame na kwa kukosa matunzo. Mimi nasema kidimbwi cha namna ile, kikiwa na kina cha magoti katika jua la Februari, si bwawa bali ni sufuria.

Hapo sikiliza vizuri, maana wengi hukosea. Perege haogopi joto lenyewe upesi. Yeye ni mtoto wa nchi za joto, na maji ya digrii 25 mpaka 32 humpendeza. Kinachomwua mara nyingi ni kukosa hewa. Samaki naye hupumua, ila huivuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji yakipata moto hewa hiyo hupungua. Lita moja ya maji ya digrii 20 huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni; yakifika digrii 30 hushika kama saba na nusu tu. Na wakati huohuo samaki, kwa ajili ya joto, hupumua kwa haraka zaidi. Chakula kimepungua na walaji wameongeza njaa!

Kuna na jambo la tatu. Ule ukijani unaouona majini ni mimea midogo sana. Mchana kwa mwanga wa jua hutoa hewa, lakini usiku huivuta kama samaki wanavyoivuta, na uchafu unaooza chini nao huimaliza. Kwa hiyo saa mbaya ya bwawa si mchana wa jua kali kama watu wanavyodhani, ila ni alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukiamka mapema ukakuta samaki wote wako juu, midomo nje wakihema, jua kwamba wana dhiki.

Sasa tuondoke Korogwe twende Handeni. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi na kusukuma gari, leo ni lami, kilometa 65 tu. Barabara inapanda kidogo kidogo, mashamba ya bondeni yanakuachia, vinaanza vichaka na mahindi yaliyojikunja majani kwa kiu. Nchi ya Wazigua ni nzuri, lakini maji ni taabu. Mji wa Handeni hupata maji ya Mto Pangani uleule, yaliyosukumwa kwa mabomba kupanda huko, na vijijini watu hutegemea malambo na visima. Basi mwenye bwawa la samaki huku hugombania maji na ndoo za mama wa nyumbani, naye hana haki ya kushinda.

Katika kijiji kimoja, sitakitaja, nilimkuta mzee mwenye bwawa tupu. Alilichimba kwa jembe pamoja na wanawe, ardhi ikawa ngumu, wakaacha lilipofika magotini. Perege wakakua. Kwaresima ilikuwa inakaribia, na kila mtu anajua bei ya samaki siku hizo. Ada ya mtoto wa sekondari ilikuwa inaogelea mle ndani. Basi wakazidisha pumba na samadi ili samaki wanenepe upesi. Asubuhi moja wakawakuta wote wanaelea matumbo juu, isipokuwa kambale wachache.

Kijijini neno lilikuwa moja tu: wametiwa sumu. Na aliyetajwa ni shemeji yake mzee, kwa kuwa waligombana juu ya mpaka wa shamba.

“Mzee, samaki mliwakuta saa ngapi?” nilimwuliza.

“Alfajiri, mwanangu. Jioni walikuwa wazima kabisa.”

“Na maji yalikuwaje?”

“Kijani. Mazito kama mlenda.”

Mimi si hakimu, lakini alama zote hizo ni za maji yaliyokosa hewa. Kambale walipona kwa sababu kambale anao uwezo wa kupanda juu akavuta hewa ya nje, kama wewe na mimi. Perege hana uwezo huo. Nilimweleza mzee hivyo. Alinyamaza kitambo kirefu, halafu akasema kwamba shemeji yake hajakanyaga uani kwake tangu siku ile.

Dawa yake ni nini? Kwanza kina. Maji ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini, na samaki akipata pa kushukia atashuka. Upande mmoja uwe wa meta moja na robo, na ule wa kina kidogo usipungue sentimeta 70. Tena miezi ya joto punguza pumba, na samadi uiache kabisa maji yakiwa yamekolea kijani. Kama una maji ya kuongeza, yaongeze usiku au alfajiri, nayo yaanguke kutoka juu kwa kishindo, maana yakirukaruka hushika hewa. Kivuli kinafaa sana: weka chanja ya makuti au nyasi juu ya pembe moja ya bwawa. Lakini mti unaopukutisha majani majini usiutake, majani yakioza yatakula hewa ileile unayoitafuta. Kuvua na kuhamisha samaki kufanyike asubuhi mapema.

Nao wanaonunua vifaranga Korogwe na kuwapeleka Handeni katika mifuko, wasafiri kabla jua halijakuwa kali, na wakifika wasiwamwage papo hapo. Mfuko uelee bwawani kama dakika 20, maji ya ndani na ya nje yalingane joto, ndipo ufunguliwe.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga samaki wa bahari sebuleni ndani ya masanduku ya vioo. Kiangazi chao kikizidi hupuliza feni juu ya maji. Usicheke, ni hekima ileile ya mtungi wa bibi yako: maji yanayopotea kwa mvuke huondoka na joto, yanayobaki hupoa. Ila chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo huongeza maji matamu, la sivyo samaki watakaa katika chumvi kali. Hata bahari kubwa haikusalimika: mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe.

Kama unataka kuchimba, chimba Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu, ili mvua za vuli zilikute bwawa tayari. Finyanga udongo wa chini mkononi kwanza: ukishikamana kama wa kufinyangia vyungu, maji yatakaa, ukimomonyoka, tafuta mahali pengine. Mzee yule ameanza upya, na mara hii upande mmoja umefika kifuani.