Ukimfuata Mumeo Hadi Würzburg

Labda hapo kijijini kwako yuko mama ambaye mume wake amepelekwa Ujerumani kusoma au kufanya kazi, naye sasa ameitwa amfuate. Majirani wamempigia vigelegele. Wengine wamekwisha kumwagiza simu na viatu. Wote wanamhesabia bahati, na bahati kweli ipo. Lakini hakuna amwambiaye jinsi atakavyoshinda siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mume akiwa kazini na watoto wakiwa shuleni. Mimi nimekaa huko miaka mitatu, mke wa mtu aliyetumwa na hospitali. Basi sogea karibu nikupe habari za mji mmoja ninaoujua, ili siku ukiitwa wewe, au akiitwa binti yako, msiende gizani.

Mji wenyewe ni Würzburg. Uko kusini ya Ujerumani, katika jimbo la Bayern, kando ya mto Main, na vilima vyake vimejaa mizabibu iliyopandwa kwa safu zilizonyooka kama mistari ya daftari. Kwetu sisi wa Mwanza si mji mgeni. Tangu mwaka 1966 Würzburg na Mwanza ni miji ndugu, na waganga wa Bugando wamezoea kwenda huko kama wale wa huko wanavyokuja kwetu. Ndugu zetu wa Mbinga nao wanalijua jina hilo, maana jimbo lao Katoliki lina udugu na jimbo la Würzburg. Ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa Frankfurt, treni ya haraka itakufikisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Kazi ya kwanza si kufungua masanduku, ni kwenda kujiandikisha. Sheria yawapa wageni na wenyeji sawasawa wiki mbili tu tangu kuhamia nyumba. Utaulizwa jina, ndoa, watoto, halafu utaulizwa dini yako. Usidhani karani ni mchunguzi wa mambo ya watu. Huko serikali hukusanya zaka kwa niaba ya Kanisa, nao huiita kodi ya Kanisa. Katika Bayern ni asilimia 8, si ya mshahara wote, bali ya ile kodi ya mapato ambayo mtu anadaiwa na serikali. Asiye na mapato hatozwi. Baba akiona karatasi yake ya kwanza ya mshahara ataguna kidogo, halafu atakumbuka jinsi wazee wa kigango wanavyohangaika nyumba kwa nyumba kuandika zaka.

Lugha ndiyo mlima. Tangu mwaka 2007 sheria yadai kwamba mke au mume anayefuata awe amejifunza Kijerumani cha mwanzo kabla ya kupewa viza, ijapokuwa wapo wanaosamehewa. Ukisamehewa, usifurahi sana. Wageni wengi hupewa nafasi katika darasa maalum lenye saa 600 za lugha na saa 100 za sheria na desturi za nchi. Shauri langu ni hili: uende mwezi wa kwanza, kabla hujazoea kukaa ndani. Mama akikaa ndani miezi sita hutafuta sababu za kutotoka, na sababu hazikosekani: baridi, mtoto ana mafua, nguo hazijapigwa pasi.

Maana hiyo ndiyo habari ya Jumanne niliyokutajia. Kwetu, ukifungua mlango tu umekwisha kusalimiana na watu watano. Huko utasikia nyayo za majirani kwenye ngazi, mlango utafungwa, kisha kimya. Siyo kwamba wanakuchukia. Wajerumani hawagongi mlango wa mtu bila kuagana siku na saa, nao hudhani kwamba kukuacha peke yako ni heshima. Nyumbani ulikuwa Mwalimu wa darasa la tatu. Wazazi walikupisha njiani na watoto walikubebea daftari. Huko cheti chako ni karatasi mpaka serikali ya jimbo iwe imekipima, nawe uwe umekijua Kijerumani barabara. Ruhusa ya kufanya kazi unayo, sheria haikukatazi. Lakini kazi itakayokufikia upesi ni ya kusafisha ofisi alfajiri. Tena hati yako ya kukaa nchini hutegemea ndoa yako, na kwa kawaida ni baada ya kuishi pamoja huko miaka mitatu ndipo mke aweza kudai hati isiyotegemea ya mumewe. Wewe baba unayesoma, lijue jambo hilo. Mama aliyeacha darasa lake na shamba lake akakufuata ameweka mikononi mwako zaidi ya alivyoweka siku ya harusi. Ukirudi jioni umechoka, mwulize kwanza yeye siku yake ilikuwaje, ndipo umsimulie ya kwako.

Katika barabara iitwayo Röntgenring vipo vyumba ambavyo nilipenda kwenda, kwa kuwa kuingia ni bure. Humo, tarehe 8 Novemba 1895, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua miali ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Kila mama aliyempeleka mtoto hospitali kupigwa picha ya kifua amefaidi kazi ya mtu huyo, ambaye hakutaka hata kujiandikishia haki ya kuiuza. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule alimwita mkewe, Anna Bertha, akamwambia aweke mkono. Picha ikatoka: mifupa ya vidole, na pete ya ndoa ikiwa nyeusi juu yake. Yasemekana mama wa watu alishtuka sana, na nani asingeshtuka? Basi mke huyo hakuwa mwenyeji wa pale. Alizaliwa Zürich katika Uswisi, akamfuata mume toka mji hadi mji: Würzburg, Strasbourg, Hohenheim, Giessen, tena Würzburg, na mwishowe München. Hawakujaliwa mtoto, wakamlea binti wa kaka yake. Dunia nzima imeuona mkono wake, na wachache wanalijua jina lake. Nilipokuwa nimechoshwa na mambo ya ugeni nilikwenda kuutazama mkono ule.

Sasa chakula. Unga wa ugali utaupata kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, kwa bei ya kukasirisha. Mchicha hupatikana wa namna yao. Lakini siku moja utafungua sanduku la barafu katika duka kubwa, nawe utakuta samaki aliyeandikwa kwa Kijerumani jina la ziwa letu, Viktoria. Ni sangara! Amekatwa minofu safi, hana kichwa, hana mifupa, hana hata harufu ya ziwa. Niliposoma kwenye karatasi kwamba ametoka Tanzania nilicheka peke yangu pale dukani, mpaka mzee mmoja akageuka. Minofu imepanda ndege, na mapanki yamebaki kwetu yakikaangwa kando ya njia. Kwa kusema kweli mapanki yana utamu zaidi, lakini jaribu kumweleza hilo Mjerumani ambaye hawezi kula samaki anayemtazama.

Taka nazo zina elimu yake. Karatasi pipa lake, maganda ya ndizi pipa lake, plastiki mahali pake, na mabaki mengine pipa jingine. Chupa ya plastiki ya soda usiitupe. Ulipoinunua uliweka amana ya senti 25, ambayo utarudishiwa ukiirudisha dukani. Watoto wangu walifanya biashara nzuri ya chupa. Na Jumapili maduka yote yamefungwa kwa sheria, wala hupigi nyundo wala hukati majani. Mkatoliki wa kwetu atapenda hayo, mpaka siku atakapogundua Jumapili asubuhi kwamba chumvi imekwisha.

Misa ni ile ile, ukiijua utaifuata hata bila kuelewa maneno. Lakini hapana ngoma, hapana vigelegele. Kinanda hulia, na wazee wamekaa mmoja mmoja katika mabenchi marefu. Mwaka 2022 peke yake Wakatoliki zaidi ya 520,000 walijitoa rasmi katika Kanisa nchini Ujerumani. Utaona mapadre kutoka India na Afrika wakihudumia parokia zilizowahi kupeleka wamisionari kwetu. Würzburg yenyewe iliinjilishwa na mgeni, Mtakatifu Kiliani, aliyetoka Ireland akauawa pamoja na wenzake Kolonat na Totnan mnamo mwaka 689. Husimuliwa kwamba mtawala Gozbert alikuwa amemwoa Geilana, mjane wa ndugu yake. Kiliani akamtaka amwache, na yule mama akaagiza wageni hao wauawe. Sisi tunaojua mashauri ya kurithi wajane hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Kila mwezi Julai mafuvu ya mashahidi hao hutembezwa mjini kwa maandamano, na hapo ndipo utaona kanisa limejaa.

Jiandae kwa giza pia. Mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili imepita na hutua saa kumi na dakika ishirini, mchana! Mwezi wa Juni hutua saa tatu na nusu, na watoto wanakataa kulala wakisema usiku haujafika. Utajifunza kuhesabu saa za nyumbani: wakati wa baridi Mwanza wako mbele kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja. Hesabu hiyo utaijua kuliko sala ya usiku, kwa sababu ya simu.

Simu ya usiku ndiyo inayoogopwa. Mama mmoja wa Sengerema, rafiki yangu, aliipokea mwezi wa Januari: mama yake mzazi amefariki. Nauli ya ghafula ilikuwa kubwa, na hati yake ya kukaa ilikuwa ofisini ikifanywa upya. Angetoka, kurudi kungekuwa mashaka. Akayatazama mazishi katika simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Sisi Watanzania wachache tulifika na sufuria zetu, tukakaa sakafuni, tukasali rozari, tukaimba. Ilipogonga saa nne usiku tukanyamaza, maana saa hiyo nyumba nzima yatakiwa kuwa kimya, na bibi wa ghorofa ya chini tulimjua kwa macho makali.

Kesho yake bibi yule aligonga mlango. Alileta kadi yenye ukingo mweusi na keki ya tufaha. Akasema amesikia nyimbo, na kwamba nyimbo kama zile haziimbwi kwa furaha. Wakakaa jikoni, huyu na Kijerumani chake cha miezi minne, yule na subira yake. Mwezi Machi, tarehe 16 usiku, kengele za makanisa yote ya mji zilipoanza kulia kwa pamoja kama dakika ishirini, rafiki yangu alishuka kumwuliza kuna nini. Bibi alimweleza: usiku huo mwaka 1945 ndege za Waingereza ziliuchoma mji kwa muda mfupi kama huo, wakafa maelfu, naye alikuwa mtoto, akatolewa amefunikwa blanketi lililoloweshwa maji. Toka hapo mama wa Sengerema hakukosa mtu wa kusema naye siku za Jumanne.

Watoto hawatakupa taabu ya lugha. Taabu ni kwamba watakushinda. Baada ya mwaka mmoja mtoto wa miaka minane atakuwa mkalimani wako kwa daktari, atasikia mambo yasiyomfaa, na atatafsiri anayotaka. Barua ya mwalimu aliyekasirika itageuka kuwa barua ya sifa. Nyumbani semeni Kiswahili, na Kisukuma kama mnacho, bila kulegea. Nimewaona watoto waliorudi likizo wakakaa mbele ya bibi yao kama mawe, na bibi akalia.

Safari usiziogope. Tangu Mei 2023 kuna tiketi ya mwezi ya kusafiria treni na mabasi yote ya kawaida katika Ujerumani nzima, isipokuwa treni za haraka. Ilianza kwa euro 49, na mwaka 2025 ikawa 58. Kwa tiketi hiyo nenda kwanza Münsterschwarzach, si mbali, mashariki ya mji. Utaiona minara minne ya kanisa ikisimama katikati ya mashamba. Ni abasia ya Wabenediktini, wale wale wa Peramiho na Ndanda, na wamo wazee waliofanya kazi kwetu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya duka lao la vitabu nikimkemea mwanangu kwa Kiswahili, nikasikia nyuma yangu, “Hodi, mama! Umetoka wapi?” kwa sauti ya Songea kabisa. Alikuwa mtawa mwenye mkongojo. Aliuliza kwanza habari za mvua, halafu bei ya mahindi, halafu kama barabara ya Mbinga imekwisha kutiwa lami. Nilipomjibu kwamba lami ipo, alitaka kujua kutoka kijiji gani hadi kijiji gani, nami nikaambulia kusema nitamwuliza shemeji.

Ukienda, nenda siku ya kazi. Jumapili mabasi ni machache. Mwulize dereva saa ya kurudi kabla hujashuka.