Ubia Chini ya Myombo

Ubia si jambo la wanadamu peke yao. Katika misitu ya miombo izungukayo Tabora, miti kama myombo na mtundu ilishirikiana na kuvu za ardhini tangu zamani, kabla msafara wa kwanza haujapita Unyanyembe. Kuvu huzivika ncha za mizizi nyuzi nyembamba, ikaupatia mti maji na fosforasi kutoka mahali mizizi isipofika. Mti nao huilipa kuvu sukari itengenezwayo na majani kwa nuru ya jua. Uyoga mwingi uchumwao msituni wakati wa mvua ni zao la mapatano hayo.

Lakini palipo na mapato hapakosi mlaghai. Kuvu yaweza kupokea sukari, kisha ikaihodhi fosforasi katika umbo ambalo mmea hauwezi kulitumia. Kwa nini, basi, ubia haukuvunjika? Mwaka 2011 Toby Kiers na wenzake walifanya majaribio kwa mmea wa jamii ya kunde na kuvu za aina iingiayo ndani ya mizizi, aina ipatikanayo pia katika miembe kama ile iliyopandwa kando ya njia ya misafara. Waliona kwamba mmea hupeleka sukari zaidi kwa kuvu ilipayo vema, na kuvu hupeleka fosforasi zaidi kwa mzizi mkarimu. Hapana hakimu hapo; pana hiari ya kuchagua.

Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji iliijua kanuni hiyo. Mpagazi aliyepewa sehemu ya ujira kabla ya safari aliweza kutoroka nayo, na tajiri aliweza kumpunja mpagazi posho. Walakini Mnyamwezi stadi aliweza kutafuta msafara mwingine, na tajiri mpagazi mwingine. Mwaka 1871 Mirambo, alipogombana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, aliifunga njia, na hasara ikawagusa wengi.

Njia ile ile, hata hivyo, ilipitisha mateka waliofungwa minyororo. Hao hawakuwa na wa kumchagua wala wa kumwacha. Haki yao ilipokwisha kunyang'anywa, neno ubia halikuwafaa.

Leo miombo hukatwa, mingine kwa kuni za kukaushia tumbaku. Mti ukianguka, kuvu yake hukosa sukari. Mkataji huchukua asilipe, na msitu hauna mshirika mwingine wa kumkimbilia. Kwa hiyo uaminifu ambao mizizi hulazimishana, mwanadamu hana budi kujilazimisha mwenyewe.